Machubuko ya kokoto kwenye boneti: ujitengenezee au umwachie fundi?

"Nina Toyota Fielder ya 2015, rangi ya silva, niliyoinunua ikitoka Japani. Kila siku napita Mombasa Road nikienda kazini, na malori ya kokoto yamenirushia mawe hadi boneti ina machubuko kama sita. Kubwa kuliko yote halizidi kichwa cha kiberiti, lakini moja limeanza kugeuka kahawia. Mlango wa nyuma wa kushoto una mkwaruzo wa shubiri moja na nusu. Bodaboda alipenya kwenye foleni pale Bellevue akanipitishia mpini. Bampa ya nyuma niliisugua mwenyewe kwenye ukuta wa maegesho. Fundi wa rangi anasema lazima apige boneti nzima, mlango mzima na bampa nzima. Kaka yangu anasema dawa ya meno itaondoa mikwaruzo, na mume wangu ameshapaka rangi ya kucha kwenye chubuko moja. Tunaishi kwenye fleti Donholm, na maegesho hayana paa. Kuna ninachoweza kufanya mwenyewe bila kuharibu zaidi?"

Dada yangu, kipo, tena si kidogo. Gari lako lina matatizo matatu tofauti ambayo fundi ameyafunga kwenye bei moja. Nahisi kinachokuudhi zaidi ni mkwaruzo wa mlangoni, maana ndio mrefu na ndio kila mtu anakuuliza umepata wapi. Mimi ningeanza na lile chubuko la kahawia kwenye boneti. Urefu wa alama hausemi chochote kuhusu madhara yake. Mkwaruzo wa shubiri moja na nusu unaweza kukaa hapo miaka na miaka usile kitu, huku kitobo cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti kikiingiza kutu chini ya rangi ambayo kwa macho bado ni nzima. Cha kupima ni kina.

Bampa tuimalize upesi. Ni ya plastiki, na plastiki haishiki kutu, kwa hiyo hakuna haraka yoyote. Kuna uwezekano mkubwa kwamba sehemu ya alama unayoiona ni rangi ya ukuta iliyohamia kwenye gari. Osha bampa, chukua kitambaa laini chenye mafuta ya taa kidogo, futa taratibu, halafu osha tena kwa sabuni ya maji. Mara nyingi nusu ya "mkwaruzo" huondoka hapo hapo. Kinachobaki kipitishie kompaundi laini, yaani dawa ya kusugulia rangi ya magari, kwa mkono. Ukiona weusi wa plastiki yenyewe, upake rangi kidogo au uuache ulivyo. Bampa za Nairobi zina maisha magumu, na sioni sababu ya mtu kulipia bampa nzima ipigwe rangi mwezi huu ili aisugue tena kabla ya Krismasi.

Sasa turudi kwenye kina. Rangi ya gari ni tabaka nne zilizopandana juu ya bati. Kiwandani, bodi likiwa bado tupu, husafishwa, hupewa matayarisho ya kemikali, kisha huzamishwa lote kwenye tangi la praima (rangi ya msingi) na kupitishiwa umeme ili praima ishike kila kona, hata ndani ya mikunjo ambayo bomba la spreyi halifiki. Halafu huokwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 150. Hiyo ndiyo kinga halisi dhidi ya kutu, na unene wake ni kama mikroni 20 tu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Juu yake huja praima ya pili ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe, ambayo kwa silva ni nyembamba kuliko tabaka zote, takriban mikroni 15. Mwisho kabisa ni laka isiyo na rangi, ile mafundi huita klia, ya mikroni 40 hadi 50. Jumla yake yote inakaribia unene wa karatasi moja ya kuchapishia. Kila kitu nitakachokuambia hapa chini kinafanyika ndani ya unene huo wa karatasi, na ndiyo maana nitakusihi mara kwa mara usisugue kwa nguvu.

Klia ndiyo inayong'aa na ndiyo inayolinda rangi dhidi ya jua, kwa sababu imechanganywa na kemikali za kunyonya miale mikali. Hapa kwetu kazi hiyo ni kubwa: tuko karibu na ikweta, na jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na miale ina nguvu kuliko pwani. Maegesho yasiyo na paa yanaila klia kila siku, hata katika mawingu ya Julai. Kwa hiyo klia uliyo nayo ni akiba. Kila unapopolishi unaitoa kidogo, na ikishaisha hakuna polishi itakayoirudisha. Umeyaona magari ambayo paa na boneti vimepauka na kuanza kubambuka magamba meupe. Pale klia imekwisha.

Hapo ndipo dawa ya meno ya kaka yako inapoingia. Ina chembe laini sana za kusugua, kwa hiyo ni kweli inaweza kufifisha alama nyepesi za juujuu kabisa, zile za kucha kwenye kishikio cha mlango. Lakini chembe hizo zilitengenezwa kwa ajili ya meno. Ukisugua kwa bidii utaacha ukungu kwenye klia, na mkwaruzo wa mpini wa bodaboda utabaki pale pale ukikutazama. Kompaundi ya magari hufanya kazi ile ile kwa utaratibu unaoeleweka, na kopo dogo litakutumikia muda mrefu. Zile kalamu za "kufuta mikwaruzo" zinazouzwa mtandaoni nazo nyingi hujaza mfereji kwa laka au nta inayong'aa. Mkwaruzo unapotea kwa wiki kadhaa, gari linaoshwa mara chache, na unarudi.

Mume wako hakukosea sana. Rangi ya kucha ni laka, inazuia maji, na kama njia ya dharura ya kuziba chubuko mpaka upate rangi sahihi, isiyo na rangi kabisa ni bora kuliko kuacha bati wazi wakati wa mvua. Tatizo ni kwamba haikuundwa kukaa juani juu ya injini inayopata moto na kupoa. Inakakamaa, inapasuka, na maji yanaingia chini yake bila wewe kuona. Ikiwa alipaka juu ya kutu, kutu inaendelea kwa starehe. Itabidi uitoe, na tafadhali usitumie dawa ya kuondolea rangi ya kucha: nyingi zina asetoni, na asetoni hulainisha rangi ya gari pia, hasa gari likiwa limewahi kupigwa rangi upya. Ikwangue polepole kwa kijiti cha kuchokolea meno. Ikishapasuka hutoka vipande vipande.

Kabla ya kununua chochote, fanya vipimo viwili ambavyo havigharimu kitu. Osha mlango, ukauke, kisha pitisha kucha ya kidole juu ya mkwaruzo kwa kuukata, bila kuufuata urefu wake. Kucha ikiteleza bila kukwama, mkwaruzo uko ndani ya klia na kompaundi itauondoa au itaufifisha sana. Kucha ikikwama kidogo, uko katikati. Ikizama wazi, umevuka klia. Kipimo cha pili: lowesha mkwaruzo kwa maji. Ukipotea wakati umelowa na kurudi ukikauka, hiyo ni klia tu. Kisha tazama rangi ya mfereji wenyewe kwa karibu, ikiwezekana kwa tochi ya simu ukiimulika kwa ubavu. Weupe hafifu ni klia iliyochanika. Kijivu au weusi usiong'aa kwa kawaida ni praima. Mng'ao wa fedha mkali ni bati. Kahawia hauhitaji maelezo.

Mkwaruzo wa mpini mara nyingi huwa mchanganyiko: raba ya mshikio huacha alama nyeusi, na chuma cha breki au cha kioo cha pembeni huchana sehemu fupi. Kwa hiyo anza na mafuta ya taa kama kwenye bampa, uone ni kiasi gani kilikuwa raba tu. Baada ya kuosha, weka kompaundi kiasi cha njegere kwenye sifongo au kitambaa cha maikrofaiba kilicho safi kabisa, fanya eneo la viganja viwili tu, sugua kwa mkono ukikata mkwaruzo kwa kwenda na kurudi, futa, tazama. Rudia mara chache. Mkono hauwezi kukutobolea klia upesi, ndiyo maana nakuambia uutumie mkono. Mashine iko tofauti. Kijana wa pale gari linapooshwa akikuambia atakupigia mashine dakika kumi, muulize pedi yake ilioshwa lini, na uangalie kama anaikaza kwenye ukingo wa mlango. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi rangi huwa nyembamba kuliko kwingine, na hapo mashine hufika kwenye praima kabla hajatambua.

Ukiisha kusugua, sehemu ambazo kucha bado inazama hazitatoka kwa kompaundi. Usiendelee kuzikimbiza, utaumaliza mlango. Hapo una uamuzi wa kufanya, na hapa silva ina tabia ambayo lazima uijue. Ndani ya rangi ya silva kuna chembe bapa za alumini. Spreyi inapozirusha, hulala kifudifudi na kurudisha mwanga kwa pamoja. Brashi inapozipaka, husimama ovyo, kila moja na upande wake, na macho yako huona kijivu kilichokolea. Rangi ni ile ile kutoka kopo lile lile, lakini mstari unaonekana. Kwenye kitobo kidogo hakuna atakayetambua. Kwenye mstari mrefu, mtu akisimama kwa pembe fulani atauona. Ukikubali hilo, jaza mfereji kwa rangi na klia jinsi nitakavyoeleza, na mlango wako utakuwa umezibwa salama. Usipokubali, mlango ni kazi ya spreyi, na huyo fundi ana haki ya kutaka kuupiga wote. Nitarudi kwake.

Boneti. Jambo la kwanza ni kujua bati lake ni nini: chukua sumaku ndogo ya friji, ifunge kitambaa isikwaruze, iguse karibu na chubuko. Ikishika ni chuma. Kahawia uliyoiona inaniambia itashika, maana alumini haishiki kutu nyekundu. Ila sumaku ikishika mahali pengine na kulegea pengine, kuna puti chini, ile lipu ya kujazia mabonde ya bodi, na hiyo ni habari nyingine kuhusu historia ya gari. Sheria yetu inaruhusu gari kuingia nchini likiwa na umri wa hadi miaka 8, na katika miaka hiyo mengi yamewahi kupigwa rangi paneli moja au mbili kabla hujayaona.

Pili ni rangi yenyewe. Usinunue "silva" ya kopo la spreyi la supamaketi. Silva ziko chungu nzima na karibu zote zitakuaibisha. Gari lako lina namba ya rangi kwenye kibati cha maelezo, ambacho kwa Toyota za Japani hukaa kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Tafuta herufi C/TR: namba ya kwanza inayofuata ndiyo rangi, inayokuja nyuma yake ni ya viti na mapambo ya ndani. Silva ya Toyota ya miaka hiyo mara nyingi ni 1F7, lakini soma yako, usiniamini mimi. Maduka ya kuchanganya rangi za magari yako Kirinyaga Road na Industrial Area, na yatakuchanganyia kiasi kidogo. Nenda na gari lenyewe. Namba inasema gari lilivyotoka kiwandani, na lako limekaa juani tangu 2015. Mchanganyaji mzuri atafungua kifuniko cha tanki la mafuta alinganishe rangi pale, kisha atasogeza mchanganyiko kidogo kufuata rangi ilivyo sasa. Kabla hujalipa, mwambie adondoshe tone kwenye kadi, likauke, ulishike juu ya boneti kivulini na kisha juani. Rangi mbichi hudanganya. Nunua na klia kidogo, na praima ya chuma.

Chagua siku kavu. Hapa Nairobi wakati mzuri ni baada ya saa nne asubuhi, umande ukishakauka, hadi saa tisa alasiri, gari likiwa kivulini na boneti ikiwa baridi kwa kiganja. Juani rangi hujifunika ngozi juu kabla ya chini kukauka, na thina iliyonaswa humo hutoka baadaye kwa mapovu. Kwa kuwa maegesho yenu hayana paa, tumia kivuli cha jengo, au uende kwa rafiki mwenye gereji. Chini ya mti usiende. Klia mbichi hushika kila kinachodondoka, na kinyesi cha ndege hula hata klia iliyokauka. Anayeegesha chini ya wale korongo wakubwa karibu na Uwanja wa Nyayo anajua ninachosema.

Osha boneti, ikauke. Machubuko yale matano yasiyo na kutu yatazame moja moja. Kingo zake zikiwa zimeinuka au zina ganda linalocheza, liondoe kwa ncha ya kijiti. Ganda lililolegea ukilifunika kwa rangi litabambuka pamoja nayo. Futa kwa spiriti ya aina ya isopropili ili kuondoa mafuta na nta, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Hapa watu wengi huharakisha, na ndiyo sababu kubwa ya rangi ya kutengenezea kudondoka baada ya miezi mitatu: ilipakwa juu ya nta ya pale gari linapooshwa.

Lile la kahawia linataka uvumilivu zaidi. Kata kipande kidogo cha msasa wa maji namba 400, kigundishe kwenye ncha bapa ya njiti ya kiberiti, ukisugue ndani ya kitobo tu mpaka uone bati linalong'aa kote. Utashangaa kuona kutu imejipenyeza chini ya rangi nzima pembeni. Ifuate hadi mwisho wake hata kama kitobo kitaongezeka ukubwa. Kama kuna vidoa vyeusi ndani ya bati ambavyo msasa haufiki, dondosha dawa ya kubadili kutu, ile yenye asidi ya fosforasi au ya tanini, usubiri kama maelekezo yake yanavyosema, kisha safisha na ukaushe. Usiache bati tupu lilale hivyo usiku. Siku yenye unyevu, kutu mpya huanza ndani ya saa chache, hata kama huioni.

Praima ipake kwa ncha ya kijiti cha meno, tone moja dogo, lijitandaze lenyewe hadi kingoni. Zile brashi zinazokuja kwenye vifuniko vya chupa ni nene mno kwa kazi hii; zitakupakia na rangi nzima iliyo jirani, na hapo chubuko la kichwa cha kiberiti hugeuka doa la shilingi. Acha praima ikauke saa moja hivi. Koroga rangi vizuri, maana alumini hutuama chini, kisha dondosha tone jembamba. Litanywea, kwa sababu sehemu kubwa yake ni kimiminiko kinachoruka hewani. Subiri kama nusu saa, dondosha la pili, pengine la tatu. Ishia chini kidogo ya usawa wa rangi ya pembeni, uiachie klia nafasi. Klia nayo iende tone moja moja mpaka ipande juu kidogo ya usawa, kama kidutu unachokihisi kwa kidole.

Unaweza kuishia hapo. Nasema kweli. Chuma kimezibwa, maji hayaingii, na mtu akisimama hatua mbili kutoka kwenye gari hataona kitu. Ukitaka kile kidutu kilale, subiri angalau wiki moja ili klia ikakamae, kisha chukua msasa wa maji namba 2000 uliolala kwenye maji ya sabuni, ukate kipande cha ukubwa wa kucha, ukizungushie kitu kigumu na bapa kama kifutio, na usugue kidutu chenyewe tu kwa pumzi nyepesi. Futa, tazama. Ukianza kuona ukungu kwenye rangi ya pembeni, umefika, acha. Malizia na kompaundi. Hatua hii ndiyo iliyotia watu wengi hasara kuliko machubuko yenyewe, na kama mkono wako hauna utulivu siku hiyo, iache kabisa. Usipake nta juu ya sehemu hizo kwa mwezi mmoja, maana rangi bado inatoa hewa yake.

Kuna kitu kimoja ambacho sitaki ukifanye nyumbani hata kama video inaonyesha ni rahisi: klia ya spreyi yenye hadina (kemikali ya kuigandisha iwe ngumu), ile inayochanganywa au inayokuja kwenye kopo lenye kitufe chini cha kupasulia hadina. Inakauka ngumu na kung'aa vizuri, ni kweli. Lakini hadina hizo zina isosianati, na mvuke wake ukivutwa unaweza kuanzisha pumu ambayo haimwachi mtu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Kwenye maegesho ya fleti yenye watoto na madirisha wazi, hapana. Hata hizi rangi za kudondosha na thina zake, zifungulie nje, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara, na uzifungie mahali mtoto hafiki.

Sasa fundi wako. Hakudanganyi anapokataa kupiga spreyi kipande cha mlango. Klia haiwezi kukatizwa katikati ya paneli: pale inapoishia hubaki ukingo mwembamba ambao jua litaufungua baada ya mwaka au miaka miwili, na utarudi kumlaumu. Fundi anayekubali haraka kupuliza kiraka katikati ya mlango ndiye wa kuogopa. Tena kwa silva, fundi makini atataka kufifisha rangi kidogo hadi kwenye mlango wa mbele ili macho yasione mpaka. Ninachopinga ni boneti. Kuipiga yote kwa sababu ya vitobo sita ni kuikwangua rangi ya kiwandani iliyookwa juu ya bati tupu, uweke mahali pake rangi ambayo hata gereji yenye oveni huioka kwa nyuzi 60 hivi, kwa sababu gari lina nyaya na plastiki ndani. Na siku ukiuza, mnunuzi atakuja na kile kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani husoma mikroni 100 na kidogo. Boneti iliyopigwa upya inaweza kusoma mara mbili yake, na ataanza kukuuliza uligonga nini.

Ukiamua kumpa mlango, muulize mambo machache ukiwa umesimama kwake, si kwa simu. Atapulizia wapi: ndani ya oveni, au nje kando ya barabara ambako vumbi la kila lori litakaa kwenye klia? Atatumia klia ya hadina? Atatoa kishikio na raba za dirisha, au atazizungushia utepe wa karatasi? Ukingo wa rangi kwenye raba ndio unaobambuka kwanza, kwa hiyo anayezitoa anajua kazi. Mwombe akuonyeshe gari alilolimaliza miezi sita iliyopita. La jana linang'aa kwa kila mtu. Bima yako kubwa huenda ingelipia, lakini angalia kwanza kiasi unachotakiwa kuchangia mwenyewe na punguzo utakalolipoteza. Kwa mlango mmoja hesabu mara nyingi haikubali.

Kuna hali ambazo hata boneti usiishike. Rangi ikiwa imevimba mapovu bila chubuko juu yake, kutu imetoka upande wa ndani na unachokiona ni mwisho wa safari yake. Chubuko likiwa kwenye ukingo wa chini wa mlango au kwenye tao la gurudumu, maji na tope hukaa nyuma yake, na kuziba upande wa nje peke yake kutaficha tatizo. Na ukiwa unasugua lile doa la kahawia, kijiti kikazama au ukaona bati limekuwa jembamba kama ganda, simama hapo hapo. Usiweke puti. Piga picha, libandike utepe ili maji yasiingie, umpelekee fundi wa bodi alitazame kabla fundi wa rangi hajalifunika.